Kikundi cha Ukoo: Kura ya Bibi wa Brooklyn

Anko Saidi: Zuhura mwanangu umeamka? Huku Mombasa barazani wanasema Wayahudi wote wa New York walimkataa Mamdani, yule Mwislamu aliyeshinda umeya. Kweli?

Zuhura: Shikamoo anko. Wengi ndio, wote hapana. Watu walioulizwa wakitoka kupiga kura tarehe 4 Novemba 2025, Wayahudi kama thuluthi moja walisema wamempa Mamdani, mpinzani wake Cuomo, gavana wa zamani, akapata karibu thuluthi mbili. Mi nimeliona ndani ya nyumba moja, yule bibi ninayemuuguza alimpa Cuomo, mjukuu wake wanaoishi pamoja akampa Mamdani, na Ijumaa jioni wakawasha mishumaa meza moja kama kawaida

Anko Saidi: Marahaba mama

Khadija Dar: Bibi alimkataa sababu Mwislamu?

Zuhura: Nilimuuliza hivyohivyo da Khadija. Akasema hapana, kilichomtisha ni ile kauli ya intifada, yaani uasi wa Wapalestina, iende dunia nzima, Mamdani alipoulizwa mwezi wa 6 hakuikemea, baadaye ndo akasema atawashauri watu wasiitumie. Bibi ana ndugu Jerusalem, kwake intifada ni mabasi yaliyolipuliwa na watu ndani. Sinagogi lake lina mlinzi mlangoni kila Jumamosi jamani. Hofu yake ni ya kweli kabisa, mi naiona usoni

Khadija Dar: Maskini. Na mjukuu?

Zuhura: Huyo anasema dini yake ndo inamzuia kunyamaza kuhusu Gaza. Halafu kodi ya nyumba!! Mamdani kaahidi kodi haipandi kwenye zile nyumba karibu milioni moja ambazo bodi ya jiji ndo inapanga kodi. Na mgombea mwenzake Brad Lander, Myahudi mwenyewe, kwenye mchujo wa chama chao cha Democratic mwezi Juni walipigiana debe na Mamdani maana kule unapanga wagombea hadi watano, kwa hiyo mjukuu aliwaandika wote wawili

Anko Saidi: Na wale Wayahudi wa makoti meusi na kofia za manyoya?

Zuhura: Hao nao anko hawako kitu kimoja. Wasatmar, kundi moja lao la mtaa wa Williamsburg, hawaikubali hata dola ya Israel kwa sababu za dini, wao wanapima nani hataziingilia shule zao na nani mlango wake uko wazi. Siku chache kabla ya kura rabi wao mmoja, Moshe Indig, akamuunga mkono Mamdani, wenzake wakatoka mbio kumkana. Wale wa mtaa wa Borough Park wengi walimpa Cuomo, ingawa 2020 akiwa gavana ndo aliyeweka kikomo cha watu 10 kwenye masinagogi ya maeneo yenye korona nyingi, Wayahudi wakamshtaki hadi Mahakama ya Juu na wakashinda. Kidonda kile hakijapona lakini wakaona huyu afadhali wanamjua

Khadija Dar: Mi namuombea huyo kijana Mamdani, kazaliwa Kampala na baba yake kafundisha Mlimani hapa miaka ya 70

Zuhura: Juzi bibi kasikia Jessica Tisch anabaki mkuu wa polisi, naye Myahudi. Akanyamaza kidogo akasema hapo kafanya vizuri, sasa anangoja Mamdani aingie ofisini Januari aone yule mlinzi wa sinagogi ataongezewa mwenzake au la

Anko Saidi: Mpe salamu zangu huyo bibi. Mwambie anko wa Mombasa anamuombea usalama

Zuhura: Zitafika anko. Ngoja nikampe dawa za saa 4