Barua pepe za mnada zinaiangusha seva, Gmail nayo inagoma

korosho_ghafi, Mtwara
Wakuu, habari za jioni. Postfix, programu yetu ya kutuma barua pepe, iko kwenye seva ya kukodi, RAM GB 2. Bei za mnada wa korosho zikitoka, skripti inamwaga barua 18,000 kwa mkupuo. Mzigo wa seva (load average) unafika 30, watu wa ofisini hawatumi kitu, Gmail inajibu kwa msimbo 421. Nimepandisha default_process_limit (kikomo cha michakato ya Postfix inayoenda kwa pamoja) kutoka 100 hadi 400, ndiyo kwanza hali imeharibika. Nakosea wapi?

fundi_nachingwea
Rudisha 100 sasa hivi. Una ClamAV, kile kikagua virusi? Tupe majibu ya `free -m`, tuone hali ya RAM.

korosho_ghafi
Ipo, kupitia amavis, inayoipelekea kila barua ikaguliwe. Swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) imejaa, GB 1.4.

fundi_nachingwea
Basi mchawi ndiye huyo. ClamAV pekee inakalia zaidi ya GB 1 kwa ajili ya orodha ya virusi, nawe unaikaguza barua ileile mara 18,000. Fungulia skripti mlango wa uani usiopitia ukaguzi, kwenye master.cf (faili la huduma za Postfix):

```
127.0.0.1:10587 inet n - n - - smtpd
  -o content_filter=
```

Usiufungue nje ya 127.0.0.1, yaani seva yenyewe. Na kama amavis ndiyo inayotia sahihi ya DKIM (inayothibitisha barua imetoka kwenye kikoa chako), barua za mlango huu zitatoka bila sahihi, kwa hiyo hamishia kazi hiyo kwenye programu ya OpenDKIM. Tangu Februari 2024 Gmail wanamtaka anayewapelekea zaidi ya 5,000 kwa siku awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako), DKIM na DMARC (maelekezo ya barua zisizothibitika zifanyweje), pamoja na kiungo cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja.

kilwa_kivinje, Lindi
Kuhusu 421: hujakataliwa, umeambiwa usubiri. Postfix itajaribu tena baada ya sekunde 300, na nafasi itazidi kupanuka hadi 4,000. Tafadhali usipige `postqueue -f` (amri ya kujaribu foleni yote tena) kila dakika. Unarudisha foleni nzima kwa Gmail kwa pamoja, unavuna 421 nyingine.

Watengee Gmail njia yao. Master.cf:

```
polepole unix - - n - - smtp
```

Kwenye /etc/postfix/transport andika `gmail.com polepole:`, kisha `postmap`. Main.cf:

```
transport_maps = hash:/etc/postfix/transport
polepole_destination_concurrency_limit = 2
```

Wengi huongeza na polepole_destination_rate_delay = 1s, yaani kusubiri sekunde moja kati ya barua na barua. Hapo ile 2 haina kazi tena: barua zinakwenda mojamoja, na 12,000 za Gmail zitachukua saa 3 na dakika 20. Chagua kimoja.

fundi_nachingwea
Na skripti yenyewe itoe 200 kwa dakika, ndani ya dakika 90 imemaliza. Foleni hai (ya barua zinazoshughulikiwa sasa) ina kikomo cha barua 20,000. Ukiijaza, za ofisini zinabaki nje zikisubiri.

korosho_ghafi
Swap imeshuka hadi MB 90, asanteni. Anwani zinazorudisha msimbo 550 nizifute?

kilwa_kivinje
550 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo, itoe kwenye orodha leo leo. Zenye msimbo unaoanza na 4 ziache foleni ihangaike nazo.