Mnatuma "tuko pamoja" kwenye simu, msibani hamuonekani. Huo ni urafiki gani?

Wakuu, nimevurugwa na leo nasema yote. Mama yetu amefariki, tumemzika juzi Kiwira, na uzi huu unawahusu hasa nyie mnaokaa Mbeya mjini.

Niko kwenye grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Tuko mamia humo. Kila asubuhi salamu, kila Jumapili mistari ya Biblia, mtu akipata mtoto zinamiminika stika mpaka simu inapata moto. Taarifa ya msiba ilipoingia ikawa hivyohivyo: mikono iliyokunjwa, mishumaa, "pole sana ndugu yetu", "tuko pamoja". Tuko pamoja wapi? Stendi ya Nanenane kuna kosta za Tukuyu na Kyela, na zote zinapita Kiwira. Wengine mnakaa Uyole, njiani kabisa. Mazishini nimewatafuta kwa macho, sijaona hata mmoja.

Kaburi lilichimbwa kwenye migomba nyuma ya nyumba, mvua inanyesha, udongo unaganda kwenye sepetu mpaka uukwangue kwa kijiti ndipo uendelee. Waliochimba ni vijana wa jirani. Kuna mama wa kitongoji cha juu, miguu inamsumbua miaka yote, aliteremka na mkungu wa ndizi kichwani, akakaa jikoni kumenya na wenzake mpaka usiku. Huyo hata simu ya kuangalia picha zangu hana.

Halafu kuna mmoja wenu, na anajijua. Alichukua picha ya mama akaibandika kwenye stetasi yake na maneno "pumzika kwa amani" wakati mdogo wangu wa Dar hajaambiwa. Tulikuwa tumepanga mjomba ampigie jioni akiwa amefika nyumbani, ana watu karibu. Badala yake aliiona kwenye daladala, peke yake, katikati ya watu asiowajua. Ulikuwa unawahi nini?

Na msije kuniambia maisha ya siku hizi yako mtandaoni. Najua. Kuna jamaa wa Njombe tulifahamiana kwenye ukurasa wa wakulima wa parachichi. Hatujawahi kuonana, tulikuwa tunaulizana tu mambo ya miche na bei. Aliposikia alipiga simu, akauliza mazishi ni lini. Siku yenyewe alitoka Njombe, akabadilisha gari Makambako, akashuka Uyole, akapanda tena kuja Kiwira. Alikuta bado tunachimba, akavua koti, akapokea sepetu. Kwa hiyo anayesema mtu wa kwenye mtandao hawezi kuwa rafiki anakosea. Huyu ni rafiki yangu. Wewe wa Soweto, hapo hapo Mbeya, uliyetuma mshumaa, sikuhesabu tena kuwa rafiki.

Sijadai grupu zima lihamie Kiwira. Facebook inaruhusu mtu mmoja awe na marafiki hadi 5,000, nani atawaweza hao? Robin Dunbar, profesa wa Oxford, alichapisha utafiti mwaka 2016 kuhusu watu wa Uingereza: kwenye mtandao walikuwa na marafiki kama 150 kwa wastani, lakini wa kukimbilia wakipatwa na shida wakataja wanne hivi. Wanne wananitosha kabisa. Mimi niliwategemea wawili watatu tu, wale tuliolala bweni moja na kula maharage ya sufuria moja. Nao wakatuma stika.

Sasa admini ananiandikia nitume picha za mazishi ili wanagrupu waone. Sitatuma. Kama una kazi ya kufanya, ishughulikie ile orodha ya rambirambi mliyokuwa mnakopi na kuongeza majina, kila mtu na kiasi chake. Wengi hawajatoa hata shilingi. Asiyetoa aende akafute jina lake leo, maana mjomba ameinakili yote kwenye daftari la msiba akijua hela imeshafika, na anataka namba zenu awapigie mmoja mmoja kuwashukuru.