Nimetoka ICU miezi minne sasa, mbona akili bado iko kule?

mkesha_usiku:
Wakuu naombeni mawazo. Nililazwa ICU (wodi ya mahututi) siku 16 kwa nimonia, 11 kati ya hizo nikiwa kwenye mashine ya kupumulia. Mapafu daktari anasema yako fresh. Shida ni usiku. Nikiwa kule niliamini kabisa manesi wamenifunga kwenye boti wanasubiri giza liingie wakaniuze, na hadi leo hiyo boti naikumbuka, inavyoyumba, harufu yake ya mafuta, kuliko sura ya daktari hata mmoja. Juzi maikrowevu imelia pii pii pii kama mashine za kule nikajikuta nimeshika koo jasho linanitoka, mtoto ananiangalia tu. Kliniki nimeikwepa mara mbili. Wife anasema nishukuru niko hai, na nashukuru kweli, ila habari ya boti sijamwambia ataona nimechizika. Yupo yaliyomkuta?

nesi_wa_zamu:
Pole mkuu, hujachizika. Nimefanya kazi ICU miaka mingi na hiyo boti nadhani najua ilikotoka. Mwenye mrija kooni kuna wakati anafungwa mikono kwa vitambaa asiuchomoe, godoro nalo ni la upepo, linajaa na kupungua kwa zamu ili usitoke vidonda (ndo kuyumba huko), halafu mrija umepita katikati ya nyuzi za sauti kwa hiyo hata ukipiga kelele haitoki. Weka na homa, dawa za usingizi, taa usiku kucha, ubongo unajitungia stori. Ndo deliriamu hiyo, inawapata wengi sana walio kwenye mashine. Harufu ya mafuta hapo sijui. Na mara nyingi yale ya kutunga ndo yanamtesa mtu baadaye kuliko yaliyotokea kweli.

jembe_halimtupi:
Mwanaume unaogopa maikrowevu?? Piga maombi, usiku bia mbili ulale.

nesi_wa_zamu:
Maombi sawa, bia hapana, pombe inaharibu usingizi na kiwewe kinazidi. Mkuu ikishapita mwezi mtu bado anashtuka na kukwepa hospitali hiyo inaweza kuwa PTSD (kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha), muone mwanasaikolojia, tiba ya mazungumzo ipo na inasaidia. Ukianza kuwaza kujidhuru usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo.

mama_pacha:
Mume wangu alikaa mashine wiki tatu, nesi akanipa daftari niwe naandika kila siku. Leo umefumbua jicho la kushoto. Leo wamekugeuza ukakunja uso. Alikuja kulisoma baada ya miezi miwili, kumbe yeye alijua sikuwahi kwenda kumuona! Haya madaftari yalianzia nchi za Skandinavia, na utafiti uliotoka 2010 ulionyesha kati ya waliopewa daftari, waliopata PTSD walikuwa wachache kuliko kwa wasiopewa. Wewe kama hukuandikiwa, mwambie mkeo afungue meseji alizokuwa anawatumia ndugu, siku kwa siku, hilo nalo ni daftari. Ila nenda naye taratibu, sisi tuliokaa kwenye benchi nje nasi hatujapona.

mkesha_usiku:
Nimerudi. Jana nimemwambia yote, hakucheka. Akafungua simu. Siku ya 6 kaandika "wamemfunga mikono, nimewaomba wamfungue nimshike mimi, wamekubali". Sasa kwenye boti kulikuwa na mtu kanishika mkono muda wote, mimi nikajua ni mlinzi wao. Tumesoma hadi siku ya 7 akasema inatosha, alikuwa analia. Kesho tunaendelea.