Harun Rashid: kwa nini mdogo alitangulizwa mbele ya kaka yake?

msomaji_wa_usiku
Wakuu salaam. Nina swali linanisumbua tangu juzi, Harun Rashid, yule khalifa wa Bani Abbas wa Baghdad, mwanae Mamun kazaliwa Septemba 786 usiku uleule mzee anashika ukhalifa, Amin kaja miezi kama sita baadae, sasa mbona Amin ndo akatajwa mrithi wa kwanza??

babu_wa_tarehe
Angalia kwa mama mkuu. Amin ni wa Zubeda, mjukuu wa khalifa Mansur, mtoto wa ami yake Harun, yaani dogo ni Bani Hashim, ukoo wa Mtume, kwa baba na kwa mama. Mamun ni wa Marajil, suria wa Kiajemi, na alikufa muda mfupi tu baada ya kujifungua.

kasri_la_raqqa
Usuria peke yake sikubali. Mama yake Harun mwenyewe, Khaizuran, alikuwa mjakazi wa kununuliwa na kazaa makhalifa wawili, Hadi na Harun. Mi naona shida ni nani anakusemea ndani ya nyumba. Amin ana mama hai tena mwenye nguvu, Mamun analelewa na Jafar wa kina Barmaki, ule ukoo wa mawaziri wa Harun, halafu 803 Harun akamuua huyo Jafar, na Fadhli kakake Jafar, ambaye ni ndugu yake Harun wa kunyonya, akamtia jela. Ukoo ule acha tu

msomaji_wa_usiku
Duh. Ila mzee hakuona kama watoto watagombana?

babu_wa_tarehe
Aliona sana. Hija ya 802 kawapeleka wote wawili Makka, wakaandika viapo kwa mikono yao, Amin atawale, Mamun apewe Khurasani, jimbo la mashariki, na amfuate kaka... aah, mdogo wake 😂 hata mimi nachanganya. Karatasi zikawekwa Kaaba, na wanahadithia wakati wa kuitundika ile hati ikadondoka, watu wakaanza kunong'ona hili jambo halifiki mbali. Harun kafa Tus 809, Amin akamtanguliza mwanae Musa, hati zikatolewa zikachanwa, jeshi la Mamun likaizingira Baghdad zaidi ya mwaka, 813 kichwa cha Amin kikapelekwa Marw, mji wa Khurasani alikokuwa Mamun.

msomaji_wa_usiku
Na Zubeda?

kasri_la_raqqa
Aliishi mpaka 831, chini ya utawala wa huyohuyo Mamun. Njia ya mahujaji kutoka Kufa, ile yenye visima na mabirika aliyoyagharamia, mpaka leo inaitwa Darb Zubeda.