Ukoo wa Chumbageni: kitabu cha mwezi huu

Shangazi Rukia 19:02
Asalaam aleikum. Jumamosi saa kumi tunazungumza kitabu, The Bad Seed cha William March. Nakala nimetuma tangu mwezi uliopita. Nani kamaliza?

Shangazi Rukia 19:31
Naona 14 mmesoma ujumbe. Kimya.

Juma 19:40
Nimefika pale pa viatu, shangazi. Sikulala.

Shangazi Rukia 19:43
Ndipo penyewe! Rhoda ana miaka 8, nywele kasukwa vizuri, anaamkia wakubwa kwa adabu. Mwenzie Claude anakutwa amekufa majini siku ya pikiniki ya shule, na medali ya mwandiko aliyomshinda nayo haionekani. Mama anamfuma mtoto kenda kuvitia moto viatu vyake vyenye vyuma kwenye soli.

Salma 19:46
Kwenye sinema ya 1956 si anapigwa radi?

Shangazi Rukia 19:49
Hollywood walikuwa na kanuni, mwovu asishinde. Kitabuni anayekufa ni mama, mtoto anabaki. March alikitoa Aprili 1954, Mei akafariki.

Juma 19:50
Mimi hata radi naiogopa. Jumamosi kuna kachori?

Salma 19:51
Zipo, ila Juma akae mbali na bakuli la ukwaju 😂

Shangazi Rukia 19:55
Tusitoke kwenye mada! Mama wa Rhoda anagundua kuwa mamake mzazi alikuwa muuaji. Je, uovu unakwenda kwa damu? Kila mtu aje na jibu.

Dada Zuhura 20:20
Shangazi, hilo neno damu ulilisema siku ya harusi ya Salma, mbele ya watu. Bakari kasimama hapo hapo, kashika sahani yake ya pilau.

Salma 20:22
Dada jamani

Shangazi Rukia 20:33
Zuhura, mimi nazungumzia kitabu.

Dada Zuhura 20:34
Na mimi nazungumzia bangili. Miaka 11 mwanangu haji likizo Tanga. Kuna aliyeuliza?

Kaka Hamisi 21:05
Soda nitaleta mimi

Bi Mkubwa 21:30
(Anasema, Samira naandika.) Rukia. Bangili niliivua nikikanda maandazi, nikaikuta kwenye pipa la unga siku ya tatu. Nilikwambia. Ukasema yameshapita, tusiyafukue. Na mimi nikanyamaza. Mtoto alikuwa na miaka minane. Zuhura mwanangu, nisamehe.

Shangazi Rukia 21:52
Bi Mkubwa

Shangazi Rukia 22:10
Zuhura pokea simu tafadhali

Dada Zuhura 22:47
Bi Mkubwa, nimekusikia. Shangazi, leo sipokei. Bakari kitabu kakisoma chote. Nitamuuliza kama anataka kuja.

Salma 22:58
Kwa hiyo ni kwangu au kwa Bi Mkubwa?

Mjomba Athumani 05:48
Asalaam aleikum. Nilikuwa njiani, simu ilizima chaji. Jumamosi ipi, hii au ijayo?