Mjadala: Asiye na kibali akidhulumiwa, akashtaki wapi?

Ndugu zangu, kila tukizungumzia watu wanaovuka mipaka bila vibali, mjadala huishia palepale: "Wakamatwe, warudishwe makwao." Leo naomba tuutazame upande mwingine. Kwa maoni yangu, shida kubwa ya mtu huyu, kuliko hata kukosa karatasi, ni kwamba hana pa kushtaki. Na wanaomnyonya wanalijua hilo vizuri sana.

Chukueni kibarua wa ujenzi. Amebeba zege miezi mitatu, akiambiwa kila wiki kwamba fedha zake zitatoka kwa mkupuo. Siku ya malipo bosi anamtazama usoni: "Nenda polisi ukanishtaki." Basi, yamekwisha. Akienda, atakayelala ndani ni yeye, na asubuhi nafasi yake imeshapata mwingine wa aina yake. Mkataba namba 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, unasema mtu kama huyu ana haki ya ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya, sawa na wengine. Nchi nyingi hazijauridhia. Hata palipo na sheria nzuri, nani ataenda kudai mshahara kwenye ofisi itakayomtia pingu?

Woga huohuo humfanya mjamzito ajifungulie chumbani, na binti aliyebakwa njiani akae kimya.

Njia yenyewe inaua. Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, lori lililotokea Malawi lilikutwa na kontena lenye maiti 64 na watu 14 walio hai, wanaoaminika kuwa Waethiopia. Hebu fikirieni wale 14, gizani, katikati ya wenzao waliokwisha kukata roho. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 kuhusu uvushaji wa wahamiaji kwa magendo inataka mvushaji ndiye ashtakiwe, wala haimfanyi aliyevushwa kuwa mhalifu kwa sababu tu amevushwa. Lakini serikali nyingi hutumia sheria zao za uhamiaji kumfunga aliyevushwa, kisha humrudisha kwao. Shahidi akishaondoka hivyo, kesi ya mvushaji itasimamaje?

Pendekezo langu la kwanza ni hili: hospitali, shule, mkaguzi wa kazi na dawati la polisi linalopokea malalamiko visiwe mkono wa uhamiaji. Mtu atibiwe, adai ujira, atoe ushahidi, bila jina lake kupelekwa kwa wanaomsaka. Suala la ukaazi lishughulikiwe kwingine, kwa utaratibu wake.

La pili ni vibali vya muda. Mwaka 2021 Colombia ilianzisha mpango wa kuwapa Wavenezuela waliokuwa nchini mwake ulinzi wa miaka 10, pamoja na ruhusa ya kufanya kazi. Mwenye kibali bosi hamtishi kirahisi.

Najua kuna watakaosema msamaha huita wengine, na watataja Marekani. Sheria ya mwaka 1986 iliwahalalisha watu wapatao milioni 2.7, lakini baadaye idadi ya wasio na vibali ikapanda tena. Hoja hiyo ina uzito, siikwepi. Ila sheria ileile iliahidi pia kuwaadhibu waajiri, na huko ndiko ilikolegea: mwajiri alitakiwa kuangalia karatasi tu, na karatasi za kughushi zikajaa. Maadamu kuna anayefaidika na kazi ya bei ya chini isiyo na malalamiko, watu wataendelea kuvushwa, uwepo ukuta au usiwepo.

Sipingi nchi kulinda mpaka wake wala kumrudisha asiye na sababu ya kubaki. Ninachopinga ni mtu kudhulumiwa kwanza, kisha kurudishwa mikono mitupu.

Sasa nawauliza mnaosema wakamatwe tu: yule kibarua wa zege, mshahara wake wa miezi mitatu akaudai wapi? Karibuni tuchangie.