i7 isiyo na kadi ya michoro au i5 yenye RTX 3050: ipi inafaa kwa michezo?

Muulizaji, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nakusudia kununua laptopu iliyokwishatumika kwa ajili ya kucheza EA Sports FC na Counter-Strike 2, na nimebakiwa na mbili za kuchagua katika duka moja la Mlandege. Ya kwanza ina prosesa ya Core i7-1255U na RAM ya GB 16, lakini haina kadi ya michoro ya peke yake; ya pili ina prosesa ya Core i5-12450H, kadi ya michoro ya RTX 3050 ya GB 4 na RAM ya GB 8. Bei hazipishani sana, na muuzaji anashikilia kwamba i7 ni kubwa kuliko i5. Mimi si mjuzi wa mambo haya, na kupanda boti hadi Unguja kurudisha mashine ni gharama nyengine. Mnanishauri nini?

Jibu la kwanza, Mjini Unguja

Waalaykum salaam. Muuzaji amekusomea tarakimu akaiacha herufi ya mwisho, U na H, na habari yenyewe imo kwenye herufi. Prosesa zote mbili ni za mwaka 2022, ila U hutiwa kwenye laptopu nyembamba: 1255U imepangiwa wati 15 za msingi, na katika viini vyake 10 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi), ni 2 tu vyenye nguvu, vilivyobaki ni vya kubana umeme. 12450H imepangiwa wati 45, na katika viini 8 inavyo 4 vya nguvu. Ile i7 itapanda kasi kwa muda mfupi, ukaiona nzuri pale dukani, kisha joto likizidi itashuka, nawe bado uko kipindi cha kwanza cha mechi.

Hata hivyo, kinachoamua zaidi ni kadi. Michoro ya ndani ya i7 huazima RAM ya mashine, ilhali RTX 3050 ina kumbukumbu yake. GB 4 ni chache kwa michezo mipya mikubwa, lakini kwa hiyo uliyoitaja utapunguza ubora wa picha kidogo na utacheza. Mimi ningechukua i5.

Jibu la pili, Chake Chake

Naungana na kaka hapo juu, ila asiinunue kwa jina la kadi peke yake. RTX 3050 za laptopu hutengenezwa kuanzia wati 35 hadi 80, na zote huitwa jina moja, ingawa ya wati chache huwa na nguvu ndogo. Fungua paneli ya Nvidia, sehemu ya taarifa za mfumo, utaona kiwango cha juu cha wati. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, uangalie kwenye kumbukumbu (Memory) ni nafasi ngapi za RAM zimetumika. Ikiwa ni 1 kati ya 2, ongeza kipande chengine cha GB 8, kwani vipande viwili hufanya kazi kwa njia mbili na mchezo hutulia. Uliza kwanza kama RAM yake ni ya aina ya DDR4 au DDR5, maana hazipokezani.

Jambo jengine ni feni. Huku kwetu hewa ina unyevu na chumvi, na vumbi likishikana na unyevu huziba mapezi ya kupoza. Yangu ilikuwa ikifika nyuzi 100 na kujipunguza kasi yenyewe, mpaka ilipofunguliwa, ikasafishwa na prosesa kupakwa dawa mpya ya kupitisha joto.

Muulizaji, Wete

Nashukuru sana. Ndugu yangu aliyeko Unguja amekwenda kuiangalia ile i5: kadi ni ya wati 60, na RAM ni kipande kimoja cha DDR4, nafasi ya pili ipo wazi. Ila chaji iliyopo dukani ni ya wati 65.

Jibu la kwanza, Mjini Unguja

Hiyo si yake. Wati 65 hazitoshi kuilisha kadi na prosesa kwa pamoja, hivyo betri itakuwa inapungua huku umechomeka waya. Mwambie ndugu yako asitoe pesa mpaka apewe chaji ya asili ya mashine hiyo, au bei ipunguzwe kwa thamani yake.